Moshi Niliouzima Kingolwira

Kaka yangu mpenzi Mloka,

Shikamoo. Naiandika salamu hii nikijua kwamba marahaba yako haitanirudia, nami nimeshindwa kuiacha, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kuitamka.

Siku tisa zimepita tangu tukuzike. Mama hali kitu ila uji, na hata huo anaunywa amegeukia ukuta. Bwana rubani, mwalimu wako wa kuruka, yu hai. Alivunjika mguu, akapelekwa pwani kwa gari la moshi. Ndege-ulaya yenu ingali majanini pale Kingolwira, turubai la mbawa zake limechanika, na wanawake waendao sokoni huipita wameinamisha vichwa.

Bomani nimepewa kazi kwa sababu ya mwandiko wangu. Bwana Shauri, Mjerumani mwenye kuamua kesi za wilaya, ameniamuru niandike, kwa Kijerumani safi, kwamba mwanafunzi wa urubani aitwaye Mloka alizembea: hakuwasha moto wake wa kuonyesha upepo, ndipo ndege ikashuka huku upepo wa mlima ukiisukuma kwa nyuma, ikapinduka. Nikimaliza, nitakuwa karani mkuu. Ndicho cheo nilichokiota tangu nilipohitimu shule kule Tanga.

Lakini moto uliuwasha, Kaka.

Kila siku ya mafunzo uliwasha majani mabichi mwisho wa kiwanja cha ndege, kama Mjomba alivyotufundisha mlimani kwetu, tusichome shamba kabla ya kuutazama moshi unakolalia. Bwana rubani alicheka mwanzoni. Baadaye akawa haruki wala hatui pasipo kuutazama moshi wako. Nami ulinitania mbele ya watu: "Haya karani, hicho Kijerumani chako kiamuru upepo utulie basi!"

Siku ile walikuja wageni wa boma, wake zao wamevaa magauni meupe. Nilisimama kando ya hema lao nikitafsiri, viatu vyangu vinang'aa. Wewe na Bwana rubani mlikuwa mmekwisha kupaa, na kwa mara ya kwanza usukani ulikuwa mikononi mwako. Moshi ukageuka, ukaingia hemani. Bibi mmoja akakohoa.

Hakuna aliyeniamuru. Hakuna, Kaka. Nilichukua ndoo ya maji, nikakimbia mwenyewe, nikauzima moto wako, kisha nikarudi nikingoja kusifiwa.

Upepo ulikuwa umegeuka. Moshi ulikuwa ukikuambia, nami niliuziba kinywa. Nilikuona ukizunguka juu ya mwisho wa kiwanja, ukiutafuta. Ukazunguka tena. Ndipo mkashuka kwa kukisia.

Matangani Mama aliniuliza, "Mwanangu, hivi kweli Mloka aliusahau moto?" Nikatazama chini. Mimi, niliyesomeshwa ili niseme mbele ya wakubwa, niliinuka nikaenda kuwamiminia waombolezaji kahawa.

Karatasi ya boma iko mbele yangu, imeandikwa nusu. Jina lako limo, limeandikwa vizuri mno. Naichana. Nitaandika nyingine, kwa Kijerumani kilekile wanachokisifu, na jina litakalokuwamo ni langu. Viboko au minyororo, wataamua wao.

Sikuombi msamaha, sijui niuombe kwa lugha gani. Nakuahidi hili tu: kesho alfajiri nitapanda mlimani, nimwambie Mama kwa kinywa changu, kabla boma halijasoma. Na nikiachwa huru, nitakwenda Kingolwira, mwisho wa kiwanja, niwashe majani mabichi, nikae hapo nisiondoke. Popote unapozunguka, uone pa kutua.

Lala salama, Kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Karani