Jicho la Mwanasesere

Genoveva mdogo wangu,

Nampeleka baba mkwe Kariakoo akanunue kofia. Viazi vimo chunguni. Watoto wasishike mkasi, vitambaa vya wanasesere wakatie wewe. Gundi ni ule uji wa ngano kwenye kopo. ~~Koku asicheze leo, ana adhabu.~~

Acha acheze. Asubuhi mzee alipofika na treni, nilifungua kikapu cha kahawa ya kutafuna nimkaribishe kama kwetu Bukoba. Kitupu! Koku kazibandika punje zote kwa wanasesere wake wa magunzi, ziwe macho. Nikamfokea mbele ya babu yake. Mtoto akapiga magoti, akabandua jicho moja, akampa kwa mikono miwili: "Karibu, babu." Mzee akalitafuna na gundi yake! Akasema nyumba hii ina mwenyeji mmoja tu, naye ana miaka sita. Mie nikaona haya.

Basi tengenezeni wanasesere wapya, macho yawe mbegu za papai. Yule mwenye chongo msimguse. Nikirudi nitapiga hodi kwa Koku kama mgeni, nimwombe radhi. Mwambie asinibandulie jicho la pili. Mie maji yatanitosha.

Dada yako,
Mama Koku