Ziwa Lilipoingia Jikoni

Migori

Mjukuu wangu Atieno,

Barua yako imenikuta nikinyonyesha mtoto. Ameota jino, sasa ananiuma. Wote ni wazima, ila mahindi yameoza shambani kwa mvua. Na usicheke nikikuita mjukuu. Umri wetu umekaribiana, lakini niliolewa na ndugu wa babu yako, basi mimi ni nyanya yako.

Umeniuliza kama barafu ya mbali ikiyeyuka, bahari itachukua nyumba yenu hapo Mombasa. Mambo ya barafu anayajua mwalimu wenu. Mimi najua ziwa tu.

Nilipokuwa msichana kwetu Homa Bay, ziwa lilipanda polepole, bila kelele, likaingia jikoni. Baba akasema tuhamie mlimani. Nyanya yangu akakataa kumwacha mumewe kaburini. Alipika miguu ikiwa majini, hadi maji yakagusa kaburi. Hapo akachota udongo wa kaburi, akajaza sufuria.

"Mama, ni nzito, nikubebee," baba akamwambia.

"Wacha. Hata akiwa hai huyu alikuwa mvivu wa kupanda mlima."

Tulicheka, naye akipanda huku analia.

Siku hizi wavuvi wanatupa nyavu pale tulipokuwa tunalala. Kwa hivyo siwezi kukuambia bahari haitakuja. Ila ikianza, msingoje iingie jikoni. Mume wangu, babu yako mdogo, ameacha kipande cha shamba nyuma ya nyumba bila kulima. Nilimwomba mimi. Ni chenu.

Nyanya yako,
Mama Ochieng'