Plasta za Simu, Nkwenda

Shikamoo Mama,

Asubuhi ya Nkwenda ina ukungu mzito, hata migomba ya jirani huioni. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa kavu za kutafuna, na mimi nimeshazizoea.

Jana nilipeleka simu kuchaji dukani kwa Mzee Salum. Kila simu pale mezani ina plasta mgongoni, na juu ya plasta imeandikwa namba ya siri ya mwenyewe. Watu wameiandika kwa hiari yao, ili mzee afungue na kuwasomea kwa Kinyambo, lugha ya huku, ujumbe wa bei ya kahawa. Na ujumbe mwingine wote anauona.

Basi wakaja wasichana wawili wa shirika linalotetea haki ya kupata taarifa na kulinda siri za watu. Wakasema bei ya kahawa itangazwe wote waijue, ila namba ya siri abaki nayo mwenye simu. Nikadhani mzee atawafukuza. Akainuka taratibu, akaandika bei kwa chaki mlangoni, kisha akawaambia waliokuwepo, "Bandueni plasta zenu, mbadili namba. Mimi sitazami."

Akageukia ukuta. Alisimama hivyo mpaka wa mwisho alipomaliza.

Nimekukumbuka, pamoja na uji wako. Lile swali lako kuhusu mimi na Deo lina jibu zuri, lakini kadi hii ya posta haina bahasha.

Mwanao,
Editha