Karatasi ya Asumini

Jumanne, 3 Septemba

PF3 ya Asumini, ile fomu ya polisi ya majeraha, imepotea. Ilikuwa mikononi mwa Mjomba tangu Jumapili ya tarehe 25 Agosti. Kanipigia leo saa tatu asubuhi, nimeshika fomu za mkopo za walimu wawili na mashine ya kopi imekwama. "Ile karatasi siioni, mwanangu. Labda panya." Halafu akaniuliza hali ya binti yangu Salma na shule yake. Nikamjibu, nzuri. Nikakata.

Kopi 212 leo. Wino unaisha.

Asumini ni mdogo wangu, kitinda mimba kwetu. Ana siku kumi na tatu hapa kwangu Mkomaindo, Masasi. Alishuka kutoka Mkunya alfajiri kwa bodaboda, kajifunga khanga usoni. Meno mawili hana. Sikio la kushoto halisikii. Mumewe alimpiga kwa kuwa alilala msibani Lisekese siku moja zaidi ya aliyoruhusiwa. Tulikwenda polisi tukapewa fomu, daktari akaijaza yote, mbele na nyuma. Ndiyo hiyo imeliwa na panya.

Sijala. Hasira.

Jumatano, 4 Septemba

Kosa ni langu. Niliandike.

Duka langu liko kwenye njia ya kwenda hospitali. Hakuna wiki inayopita bila mwanamke kuingia na PF3. Wote nawaambia neno moja: toa kopi mbili, moja mpe mtu asiye ndugu yako. Wengine sichukui hela. Ya mdogo wangu sikutoa hata moja.

Jumapili ile Mjomba alikuja na kanzu yake, akanywa chai. Akasema kikao kwanza, serikali baadaye. Sisi ukoo ni wa mama. Mume akikuumiza humwendei baba, unamwendea mjomba, na kila kinachohusu shauri unamkabidhi kwa mikono miwili. Kuitia karatasi kwenye mashine mbele ya macho yake kungekuwa kumwambia sikuamini. Mashine ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Ilikuwa imewashwa.

Nikampa kwa mikono miwili.

PF3 yangu mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, ililowa mvua mikononi mwake. Ndivyo alivyosema. Sikurudi kwa yule mwanamume. Mwaka uliofuata nilinunua mashine ya kwanza, kuukuu, na sikumwuliza mtu habari ya mvua.

Ijumaa, 6 Septemba

Da Fatu kapiga kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Ndiye mkubwa wetu, kaolewa mara ya pili kule Msumbiji. Nimemweleza. Akacheka kile kicheko chake kibaya. Kumbe na yeye, kwa mume wake wa kwanza huku Newala, alikuwa na PF3. Mjomba alimwambia iko kwa hakimu. Haikuonekana tena.

Kanisimulia la kule. Mume wa pili naye alimpiga, mara moja. Jirani ndiye aliyeshtaki, si yeye. Da Fatu akaenda kituoni kuifuta kesi. Wakamwambia: mama, hii si yako uifute, ni ya serikali. "Nilimchukia yule jirani miezi mitatu," kasema. "Siku hizi nampelekea muhogo."

Nikamwambia basi kwenu kuna nafuu. Akasema, "Nafuu ipo mjini. Kijijini polisi yuko siku nzima ya kutembea, na sheria haina miguu."

Mchana msaidizi wa kisheria kaleta makaratasi yake nitoe kopi arobaini. Nikayasoma huku yanatoka. Kenya, mahakama inaweza kumwamuru mwanamume asikanyage nyumba mnamoishi, hata kama nyumba ni yake. Kwetu, Sheria ya Ndoa kifungu cha 66 inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Nimekisoma mara tatu nikitafuta adhabu. Hakina. Ukitaka adhabu uende kwenye sheria nyingine, ile ya kujeruhi. Huko lazima uthibitishe jeraha. Jeraha liko kwenye karatasi, na karatasi iko kwa Mjomba.

Nchi tatu. Mdogo wangu kazaliwa katika ile inayodai karatasi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimefunga duka, nimepanda Newala. Kutoka mjini, bodaboda mpaka Mkunya. Mchanga mwekundu hadi ndani ya soksi.

Mjomba alikuwa anafagia chini ya mikorosho, maana korosho zimeanza kudondoka. Nikamwamkia. Marahaba, karibu Mama Salma, ulete kigoda. Mjomba si mtu mbaya. Nilipokuwa na surua alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli, na linaniuma zaidi kuliko angekuwa mbaya.

Kasema kikao kimekwisha. Mume kaomba radhi mbele ya watu wazima tisa. Nikauliza wanawake wangapi kati ya hao tisa. Akasema mmoja, aliyepika. Kasema yeye mwenyewe ameshatoa neno lake: Jumatatu ya tarehe 16, saa sita mchana, mume anakuja Masasi kumchukua mkewe. Msimu wa korosho umefika, mikono inahitajika.

"Sikio lake je, Mjomba?"

"Analo la pili."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu mbegu. Baadaye, akinisindikiza, kasema jambo ambalo nimelifikiria njia nzima: "Karatasi ile ikifika mahakamani, mimi si mjomba tena. Mimi ni shahidi tu, naitwa na karani."

Jumatatu, 9 Septemba

Zimebaki siku saba.

Hospitali: faili lipo. Daktari kamwangalia tena sikio, ngoma iliyopasuka bado haijaziba. Anaweza kujaza fomu nyingine, lakini ataandika anachokiona leo na kilichomo failini. Uvimbe na damu ya siku ile viliandikwa vizuri zaidi kwenye ile ya kwanza.

Polisi, dawati la jinsia: afande mwanamke, mpole. Fomu nyingine inatolewa. Kesi inafunguka. Ila mlalamikaji ni Asumini, si mimi. Nikasema mimi ndiye dada yake, nimeona kila kitu. Akasema, "Dada, ulichokiona ni majeraha. Aliyeona ngumi ni yeye."

Asumini kasimama pale akitazama sakafu. Akasema atafikiri.

Nikakasirika naye pia. Naandika ilivyo.

Jumanne, 10 Septemba

Kopi 96. Asumini kashinda amekaa, sikio zima limeelekea mlangoni. Kila bodaboda ikipunguza mwendo anaacha anachofanya.

Jumatano, 11 Septemba

Bi Somoe kanipigia, mke wa Mjomba. Alikuwa amejifungia jikoni, nasikia anagongagonga sufuria ili sauti yake isisikike nje.

"Mama Salma, mimi mume wangu simsemi. Nilikuwa naanika nguo tu."

Alikuwa anatoa nguo kwenye sanduku la bati la Mjomba. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa mbolea, kakuta PF3. Si moja. Nne. Bi Somoe alisoma mpaka la saba, majina anayasoma. Kanisomea polepole, kwa mpangilio wa kutoka juu.

Ya Asumini. Ni nzima, panya hajaigusa.

Ya Hadija, binti wa mama mdogo.

Yangu. Haijawahi kulowa.

Ya Da Fatu.

Nikamwomba arudie ya pili. Hadija alirudishwa kwa mumewe baada ya kikao. Hakumaliza mwaka. Tulimzika Lisekese, na tukaambiwa alianguka. Ule msiba aliolala Asumini siku moja zaidi ulikuwa wa mama yake Hadija.

Panya, mvua, hakimu. Ya Hadija sijui iliambiwa nini. Hakuna aliyebaki wa kuiuliza.

Kwa nini hakuzichoma? Nimelifikiria hilo kuliko yote. Nadhani aliona anatunza. Mashauri ya ukoo, yamekwisha, yamekunjwa. Angechoma angekuwa anaficha. Kuweka sandukuni kwake ni kumaliza.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemwambia Asumini. Nilichelewesha siku mbili, niliogopa. Nimemtajia majina manne, nikikaa upande wake wa kulia asikie vizuri.

Hakulia. Aliuliza, "Ya Hadija daktari aliandika nini?"

Sijui, nikasema.

"Mimi nataka yangu isomwe nikiwa hai."

Kisha akaenda kuosha vyombo.

Jumapili, 15 Septemba

Duka limefungwa. Tumekula ugali wa muhogo na kisamvu. Asumini katafuna upande mmoja, polepole, kamaliza sahani. Kwa mara ya kwanza.

Jioni tumemwandikia Mjomba ujumbe. Mimi nimeandika, yeye kasoma na kufuta maneno mawili yangu ya matusi. Sentensi mbili za mwisho ni zake. Naunakili hapa. Safari hii nabaki na kopi.

"Shikamoo Mjomba. Ni sisi, Mama Salma na Asumini. Tunajua sanduku la bati lina karatasi nne, na hatumwulizi mtu mwingine ila wewe. Kesho Jumatatu saa nne asubuhi tunaingia kituoni kufungua kesi, ukileta karatasi au usipoleta. Daktari atajaza nyingine. Mume asifunge safari, mke hatamkuta. Tunakuheshimu, ndiyo maana tunakuuliza wewe kabla afande hajakuuliza. Mjomba, unaniletea karatasi yangu au huniletei? Nijibu ndiyo au hapana, kabla ya saa nne."