Maziwa ya Kuosha Sumu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga dawa nyanya tangu saa moja asubuhi. Shati nimevua, jua la Kitale halina huruma. Dawa nakoroga kwa mkono, kijiti kinachelewesha. Halafu maziwa kikombe kizima, ya kuosha sumu. Wapiga dawa wote hapa hunywa.

Mama amepiga simu kutoka Matulo. Jumapili anakuja na baba mdogo. Mke wangu Nekesa arudishwe kwao Sirisia, nitafutiwe mwingine. Miaka minne bila mtoto inatosha, ati. Nilisema sawa. Namwogopa Mama, nikubali tu.

Jumatano, 5 Machi
Nekesa amepimwa mara mbili, hana shida. Anataka nami nipimwe kabla ya kikao cha Jumapili. Nimekasirika sana. Dume zima kama mimi! Nitaenda Bungoma mjini, hospitali ya huko hakuna anayenijua. Nimzibe mdomo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetoka Bungoma na majibu.

Ni mimi. Mbegu zangu za kiume ni chache mno, na nyingi haziogelei.

Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza kazi yangu. Nikamweleza yote, hata maziwa, kwa majivuno. Akaweka kalamu chini. Ati ubongo hutuma homoni kama ujumbe, seli za korodani zinaupokea, ndipo mbegu zinatengenezwa. Dawa nyingine za wadudu hupenya kwenye ngozi, zinakalia mahali pa homoni. Ujumbe ukifika, mlango una mtu. Nyingine zinatoa ujumbe wa uongo, na seli zinautii. Hawezi kuapa kwamba ni dawa peke yake, lakini anaishuku sana. Niache kuigusa, nipimwe tena baada ya miezi mitatu.

Na maziwa?

"Maziwa hayaoshi kitu, baba. Unayaweka wapi?"

Kwenye mtungi ulioisha dawa. Huwa nausugua kwa jivu, hata harufu haubaki nayo. Akasema sumu hubaki ndani ya plastiki hata ukisugua. Nikakumbuka Nekesa pia huyanywa. Wololo! Nilitaka ardhi inimeze.

Jumamosi, 8 Machi
Mtungi nimeutoboa kwa panga. Sijala. Naweza kunyamaza, Nekesa aende, nani atajua? Wazo hilo limenijia mara tatu leo. Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Baba mdogo alikuwa ameshaanza hotuba. Nikasimama.

"Mama, si Nekesa. Nimepimwa. Shida ni mimi."

Mama alisema nimerogwa. Nikampa karatasi ya daktari, akaisoma baba mdogo, mara mbili, kisha akaikunja polepole. Chai ilipoa. Waliondoka bila kutaja Sirisia.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua imenyesha. Tumefunga nyanya kamba, mimi na Nekesa, nimevaa glavu. Miaka minne amekunywa mitishamba ya Mama, chungu ajabu, nami ndiye niliyemshikia kikombe. Nilimwomba msamaha.

Akaendelea kufunga hadi mwisho wa mstari. Ndipo akauliza.

"Na kama ingekuwa ni mimi, ungesimama?"

Nikakata kamba nyingine. Anajua Jumatatu iliyopita nilimwambia Mama sawa.