Taa ya Kinyonga wa Mama Inge

Jumatatu, 7 Julai
Nimewasha taa saa moja. Majani nimeyanyunyizia maji. Panzi watatu nimewatia tunduni, mlango nikaufunga mbio. Mama Inge yuko kwao Ulaya, kaniachia nyumba nzima hapa Diani, lakini anachouliza ni huyu kinyonga tu. Nje hawekwi, tumbili watalivunja tundu. Basi jua lake ni hiyo taa.

Leo tawi lake nimelifunga juu kabisa, karibu na taa. Nikitia maji, yuko mbali na mkono wangu. Nimejipongeza.

Jumatano, 9 Julai
Hajala. Kafumba jicho moja mchana kweupe. Nimempigia mama, Msambweni. Kinyonga yeye humwita lumbwi. "Mwanangu, lumbwi hashikwi, nawe walala naye nyumba moja?" Hakunisaidia kitu.

Alhamisi, 10 Julai
Macho yote mawili. Mama Inge ameomba picha, nimemtumia ya wiki jana. Mwongo mimi. Akifa, kazi sina.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeshindwa kuficha. Baada ya swala nimemweleza Mama Inge kila kitu. Kisha akanituma nikachukue kipimo cha mionzi, droo ya jikoni. "Kiweke ulipo mgongo wake, Mwanasha. Nisomee."

Saba na ushei. Inatakiwa isizidi tatu. Kumbe taa hiyo ina mionzi ya jua isiyoonekana, ukiikaribia mno inaunguza macho. Nami nimemweka papo hapo siku nne, kwa woga wangu. Nimelia.

Taa nimezima. Tawi lazima lishuke, naye amelikamata kwa miguu yote na mkia. Fimbo imeshindwa. Nimemwita askari Mutua. "Aki hiyo siwezi shika, Mwanasha. Hata kwetu tunaziogopa." Akarudi getini.

Bismillahi. Nikatia mkono. Mwepesi, miguu baridi, inabana kidole kama vibanio vya nguo. Nikamshika hivyo hivyo, tawi nikalifunga chini, nikamrudisha. Hakuanguka.

Jumamosi, 12 Julai
Taa imewaka tena. Tawi liko chini, kipimo mbili na nusu. Nimepima mara tano. Macho bado. Kesho asipofumbua, daktari wa wanyama.

Jumapili, 13 Julai
Jicho la kushoto limefunguka nusu. La kulia bado. Daktari anakuja saa nane.

Panzi hakumtaka. Maji amekunywa, matone manne, kwenye kidole changu. Akakipanda. Nikamwacha akae.