Ulisema Ndoo ni za Dada

Mdogo wangu mpendwa, Mama Twaha,

Nakuandikia wazi, kila mtu asome, kwa sababu lawama uliyoniachia niliibeba mbele za watu. Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa kuwa ungelia, nami nikikusikia unalia huwa nasahau nilichotaka kusema.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Arusha? Ndoa ilikuwa imekushinda, Twaha umembeba mgongoni, kichwani una kiroba kikubwa. Nilikuja kukupokea nikajikaza kukishika, nikidhani ni kizito, kidogo nianguke nacho kwa wepesi wake. Nikafungua mdomo wa kiroba nikaona punje nyeupe tupu. "Umetuletea bisi?" nikakuuliza. Ukacheka. Ukasema inaitwa perlaiti, jiwe la volkano linalochomwa mpaka likafura, na kwamba kwenye shamba la maua ulikofanya kazi walipandia humo badala ya udongo. Nilikuonea huruma. Nikasema moyoni, mdogo wangu kapoteza nyumba, karudi na kiroba cha mawe.

Lakini kazi yako ulikuwa unaijua. Tuliomba ndoo tupu za rangi kwa mafundi, ukatoboa kila moja tundu la ubavuni, vidole vitatu kutoka chini, ili maji kidogo yabaki kitakoni na yanayozidi yatoke. Ulinifundisha kuilowanisha perlaiti kabla ya kuimimina, maana vumbi lake linakereketa kifua. Tulijifunga kanga puani, majirani wakadhani nyumbani kumeingia ugonjwa. "Hii haina chakula, dada," uliniambia. "Inashika maji na kuipa mizizi hewa, basi. Chakula ni huu unga wa mbolea tunaokoroga kwenye maji." Miche ya kwanza niliiua mimi. Nilizidisha ule unga kama mtu anayemwongezea mtoto uji. Hukunikaripia. Ulisuuza ndoo zote, ukaanza upya.

Mboga ya chainizi tuliyopanda mara ya pili ndiyo iliyoniaminisha. Kiangazi cha Newala unakijua: mtaa mzima unategemea tangi moja la chini linalovuna mvua kwenye bati la ghala la korosho, na kila nyumba ina ndoo zake mbili za maji kwa siku. Katika ukame huo sisi tulikuwa na mboga za majani mlangoni, na hatukumwibia mtu. Kila asubuhi tulimwagilia kata moja kwa kila ndoo, kutoka kwenye mgawo wetu wenyewe. Aliyeshika kata ni wewe. Kipimo kile ulikijua kuliko mimi.

Korosho zilipoanza kudondoka nikaenda Chiwata, kwenye shamba alilotuachia baba. Ufunguo wa tangi mtaa ulikuwa umenikabidhi mimi. Nikakukabidhi wewe bila kumuuliza mtu, kwa sababu sikuona tofauti ya mkono wangu na wako. Nilikaa majuma matatu. Niliporudi ulinipa ufunguo, ukanipikia, tukaongea mpaka tukachoka. Haikupita wiki, ndoo ikishushwa tangini inakwaruza sakafu. Mvua bado ilikuwa mbali.

Mkutano uliitishwa pale pale uwanjani kwa ghala. Mama Bakari, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisimama wa kwanza. "Watoto wetu wanaoga kwa kikombe," alisema, "mwenzetu ananywesha mboga. Hata alipokuwa Chiwata, mdogo wake alikuwa anamwagilia. Tumeona kwa macho."

Nikaeleza habari ya kata moja na mgawo wetu. Watu wakaguna. Mwenyekiti, ambaye hapendi kumhukumu mtu kwa maneno ya upande mmoja, akakugeukia wewe. "Mama Twaha, ufunguo ulikuwa kwako. Hizi ndoo za mboga zinakunywa maji kiasi gani?"

Nikashusha pumzi. Nilijua yamekwisha, maana aliyeulizwa ndiye mwenye kujua. Ukaipanga kanga yako mabegani, macho chini. Ukasema, "Mimi sijui, mwenyekiti. Ndoo ni za dada. Mimi nilifanya alichoniagiza."

Walininyang'anya ufunguo, wakaja nyumbani wakapindua ndoo moja moja. Perlaiti ikamwagika uani, upepo wa huku juu ukaipeperusha mpaka kwenye paa za watu. Wewe ulikuwa ndani, ukimbembeleza Twaha. Tangu siku hiyo nikaitwa mwizi wa maji, na katika mji wetu sijui jina baya kuliko hilo. Binti yangu Zainabu alirudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, ni kweli?" Mtoto wangu mwenyewe.

Hata hivyo nilikutetea. Nilijiambia umeogopa watu, umerudi juzi tu, huna pa kwenda. Yule fundi matofali wa Chiungutwa, aliyekuwa akifyatua matofali mtaani kwetu kiangazi kile, alipokuja kukuposa nilifurahi kuliko wewe. Pilau ya harusi nilikoroga mimi.

Kisha nikaja Chiungutwa kukutembelea. Mumeo alinipokea kwa shikamoo ya heshima, akanipa kiti kizuri, akasema, "Shemeji, sijawahi kukushukuru. Ile kazi ya Newala ingesimama kwa kukosa maji, ningerudi kwetu, na pengine mdogo wako nisingemuoa. Mama Twaha aliniambia umeruhusu nichote tangini alfajiri, kabla watu hawajapanga foleni. Mungu akulipe."

Nikageuka. Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la chai. Uliniangalia, nikakuangalia. Mumeo maskini alikuwa bado anatabasamu. Nikamjibu, "Haina neno, shemeji." Nikasema nimekumbuka jambo nyumbani, nikapanda bodaboda. Chai yako sikuionja. Dereva aliniuliza njiani kama nimefiwa.

Miezi minne nimekaa na jambo hili. Perlaiti niliyoikusanya uani haikufika nusu kiroba. Niliipepeta, nikaimwagia maji ya moto, nikaanza na ndoo nne. Siku moja Mama Bakari aliingia bila hodi, akasimama nyuma yangu nikimwagilia. Nilichota kata moja, nikamimina, nikaenda ndoo ya pili.

"Ni hicho tu?" akauliza.

"Ni hicho tu."

Akakaa kwenye kibaraza. "Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia."

Sasa naye ana ndoo mbili, na chainizi yake imeshika. Hakuniuliza maji yalikwenda wapi, nami sikumwambia. Nilikuwa nakungoja wewe.

Najua uliogopa kuachwa mara ya pili. Hilo halinishindi kulielewa. Ungeniambia tu, "Dada, fundi atakwama, ataondoka," ningekwenda nawe kwa mwenyekiti tukamwombee maji, na wakikataa tungemchangia kutoka kwenye ndoo zetu mbili. Hukunipa nafasi hiyo. Ulichagua jina langu ndilo lilipe, kisha ukakaa kwenye meza yangu ukala.

Ujumbe wako wa simu unaomba tuyamalize kimya kimya, mimi na wewe. Kimya hapana. Mtaa unakutana Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Njoo. Simama aliposimama Mama Bakari, useme maji yalikwenda wapi, na nani alikuwa anapima kata. Mumeo mwambie kabla ya kuja, asilisikie kwa watu. Mimi nitakuwepo, lakini sitakusemea.

Twaha akiuliza kwa nini mama mkubwa haji, mwambie namkumbuka, na kwamba kosa si lake. Kwako wewe nilitaka nifunge barua kwa kusema nimekusamehe. Nimeliandika neno hilo mara mbili, na mara mbili nimelikata, kwa sababu bado si kweli.

Dada yako wa tumbo moja,
Mama Zainabu